Karafuu Katika Chupa ya Ramu



Msishtuke kwa kichwa cha maneno haya. Chama hakijafungua kilabu cha ulevi, wala Katibu wenu hajabadili mwenendo. Sisi hatunywi, na wengi katika nyinyi hamnywi, na hukumu ya kilevi katika dini yetu ni jambo ambalo hata mtoto wa chuoni analijua. Walakin karafuu zetu husafiri kuliko sisi wenyewe, na huingia katika majumba ambayo sisi hatuna haja ya kuyaingia. Mwaka juzi moja katika safari hizo ilituletea barua ya kututia haya, na katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alitutaka tuieleze barua hiyo mbele ya wote. Siku ile wakati haukutosha. Basi tunaieleza hapa, pamoja na khabari za hiyo ramu yenyewe, kwani asiyejua karafuu inafanywa nini huko iendako hawezi kufahamu kwa nini mtu alalamike.

Mambo yalianza hivi. Alikuja mgeni mmoja na mkewe, watu wa kisiwa cha Reunion, wakataka kuona shamba la mikarafuu. Tuliwatembeza asubuhi nzima, tukawapa madafu, na walipokuwa wanaondoka tukawafungia robo kilo ya karafuu kutoka katika gunia letu wenyewe, zawadi, bila ya senti. Yule bwana akatuambia kuwa nyumbani kwake karafuu huziroweka chupani. Kifaransa chake na Kiingereza chetu havikukutana vizuri, nasi tukadhani anasema khabari ya dawa ya meno, tukamwitikia kwa kichwa.

Baada ya miezi kama minane barua ikaja. Imeandikwa kwa adabu kubwa, na ndiyo iliyozidi kutuuma. Alisema kuwa binti yake ameolewa, na kwamba kwa harusi hiyo alikuwa ameroweka dumu kubwa la kioo, ramu na maganda ya machungwa na vanila na mdalasini, na karafuu chache katika zile tulizompa. Siku ya kufungua, watu wamekaa, akamimina, akanusa, akarejesha chupa mezani. Ramu ilinuka moshi, na nyuma ya moshi kuna uvundo kama wa jamvi lililolala na maji. Alimwaga yote. Hakututukana. Aliuliza swali moja tu: karafuu hizi zilianikwa juu ya nini?

Jawabu ya swali hilo tutaifikia. Kwanza tuseme ni kitu gani hicho alichokuwa akikitengeneza.

Reunion ni kisiwa cha Kifaransa kilicho mashariki ya Bukini, ambayo siku hizi twaiita Madagaska. Zamani kikiitwa Bourbon. Wanachama wenye umri watakumbuka kusikia jina hilo, maana ndilo linalotajwa kila inapotajwa asili ya mkarafuu wetu. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mkubwa wa serikali katika visiwa vya Mauritius na Bourbon, alifanikiwa kupata miche na mbegu za karafuu na kungumanga kutoka visiwa vya Maluku, huko ambako Waholanzi walikuwa wakizilinda kwa nguvu ili asipatikane mwengine wa kuzipanda. Na kutoka visiwa hivyo vya Kifaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abri, anatajwa kuwa ndiye aliyeileta mikarafuu Unguja, kisha Sayyid Said bin Sultan akaamrisha ipandwe kwa wingi. Kwa hivyo yule bwana wa Reunion alipokuwa akitembea chini ya mikarafuu yetu alikuwa, kwa namna ya kusema, anawatembelea jamaa zake.

Jamaa wa namna nyengine pia. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao wa pwani yetu na wa bara yake walipelekwa visiwani huko, pamoja na watu wa Bukini na wa Msumbiji, wakalimishwa kahawa, karafuu, na baadaye miwa. Utumwa ulifutwa Reunion tarehe 20 Disemba 1848. Miwa ikabaki, na ndiyo inayotoa ramu hata leo.

Hatuwezi kupita hapo bila ya kumtaja kijana mmoja, kwani bila yake chupa ya Reunion isingekuwa na ladha yake mashuhuri. Mvanila uliletwa huko kutoka Marekani ya kati ukawa unatoa maua tu, hauzai, maana mdudu anayeuzalisha huko kwao hakuja nao. Mabingwa walihangaika. Mwaka 1841 mtumwa wa miaka 12, Edmond, aligundua namna ya kuinua kile kigozi kilichomo ndani ya ua kwa kijiti kidogo na kulizalisha ua kwa kidole gumba. Mpaka leo vanila inayopandwa huko, na Bukini, na kwetu pia, huzalishwa kwa mkono kwa njia ile ile. Alipopata uhuru alipewa jina la Albius. Alikufa masikini mwaka 1880. Wakulima wenzetu wanaolalamika kuwa faida ya jasho huenda kwa wengine hawana haja ya kutafuta mfano mbali.

Sasa turejee kwenye ramu. Hutengenezwa kwa miwa: maji ya miwa, au ile asali nyeusi inayobaki kiwandani baada ya sukari kuganda, huachwa yachachuke, kisha hutiwa moto na mvuke wake ukapozwa ukarudi kuwa maji. Aliyekwisha kuona mafuta ya makonyo yanavyotolewa katika kiwanda cha Wawi amekwisha kuona jambo lililo karibu na hilo. Reunion ina viwanda vitatu vya ramu, na jina kongwe katika hayo ni la Isautier wa Saint-Pierre, walioanza mwaka 1845.

Lakini mtu wa nyumbani hapiki ramu. Hili tunalitilia mkazo. Hununua dukani ramu nyeupe iliyokwisha kupimwa, ambayo huko kwa kawaida katika sehemu 100 zake 49 huwa ni spiriti, na kazi yake yeye ni kuroweka tu. Kupika spiriti nyumbani ni jambo jengine, na ni khatari, kwani spiriti ya kienyeji ikiingia methanoli hupofua macho na huua, na khabari za misiba hiyo hatuachi kuzisoma magazetini kutoka nchi mbali mbali. Kuroweka hakuna khatari hiyo. Wenyewe huiita ramu iliyopangwa, kwa kuwa vitu hupangwa ndani ya chupa kama mtu anavyopanga maua, na kila nyumba ina mpango wake ambao mama humwachia binti.

Yule bwana, tulipomwandikia kumwomba radhi na kumtaka atueleze, alitueleza kwa urefu, nasi tunafupisha. Dumu liwe la kioo, lenye mdomo mpana, lioshwe kwa maji yanayochemka na likaushwe kabisa. Plastiki haifai, kwani spiriti huila na kuchukua harufu yake. Ganda la chungwa au la ndimu likatwe jembamba, rangi peke yake. Ile nyeupe ya chini ikiingia huleta uchungu usiotoka. Vanila ipasuliwe kwa urefu. Mdalasini uwe kijiti kizima, usisagwe, kwa sababu unga huifanya ramu kuwa na vumbi na haichujiki. Nanasi liwe limeiva, likatwe vipande na kuachwa lichuruzike maji, na lisizidi thuluthi ya dumu. Sababu ya kipimo hicho ni hii: tunda lina maji, na maji yake huipunguza ramu nguvu, na ramu ikipungua mno haiwezi tena kulihifadhi tunda, likavunda humo humo. Vivyo hivyo kwa lichi, ndugu yake shokishoki, na kwa pesheni. Sukari guru au asali ya miwa hutiwa kidogo mwanzo, na iliyobaki mwisho kwa kuonja.

Kisha dumu hufungwa na kuwekwa pasipo mwanga, likawa linageuzwa kila baada ya siku chache. Matunda hukaa kiasi ya miezi mitatu. Vanila na viungo hukaa sita na zaidi, na wako wanaoziba dumu anapozaliwa mtoto wasilifungue ila siku ya harusi yake. Ipo na namna moja inayojulikana sana Ufaransa na visiwani mwake: chungwa zima huchomwa matundu 44, kila tundu likatiwa buni moja ya kahawa, na likakaa katika ramu siku 44 pamoja na vipande 44 vya sukari. Hesabu hiyo imetoka wapi hatukuambiwa, na tunashuku kuwa mwenye kuianzisha alipenda kuhesabu kuliko kunywa. Wengine hutia jani la faham, ua la porini la milima ya Reunion ambalo limechumwa mno hata limekuwa adimu. Inapokuwa tayari huchujwa kwa kitambaa, na hunywewa baada ya chakula katika vikombe vidogo, kwani ni kali, si kinywaji cha kukata kiu.

Na karafuu? Hapa ndipo tulipofumbua macho. Karafuu hutiwa mbili au tatu tu kwa lita moja, hutiwa mwisho baada ya vyengine vyote, na baada ya siku chache huonjwa, na ikitosha hutolewa. Wengine huzifunga kwa uzi ili wazivute kwa urahisi. Mdalasini unaweza kusahauliwa ndani nusu mwaka usidhuru. Karafuu ikisahauliwa hutawala dumu zima, ukawa hunywi chungwa wala vanila, na ulimi hufa ganzi.

Sababu yake wanachama wanaijua kwa pua, nasi tutaieleza kwa kitabu. Karafuu nzuri iliyokauka ina mafuta kiasi ya sehemu 15 mpaka 20 katika kila 100 za uzito wake, na sehemu kubwa kabisa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kinachotia ganzi jino, na ndiyo maana madaktari wa meno wamekitumia muda mrefu. Yujenoli haipendi maji. Ukiroweka karafuu katika maji baridi hutoka kidogo sana. Katika spiriti hutoka mbio na karibu yote. Na spiriti haichagui. Inachota mafuta, na inachota kila kilichogandana na mafuta: moshi, ukungu, lami, samaki. Katika pilau jambo hilo hufichika nyuma ya kitunguu na bizari na nyama. Katika ramu nyeupe, iliyo safi kama maji, hakuna pa kujificha.

Sasa jawabu. Karafuu zile zilianikwa juu ya nini?

Msimu ule, kama mnavyokumbuka, mvua za vuli zilitukuta na majamvi nje. Siku ya kwanza tuliingiza na kutoa majamvi mara nne. Siku ya pili jua halikuonekana. Karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa zilikuwa rundo ukumbini, na usiku rundo likapata joto. Tulitia mkono ndani tukaona ni vuguvugu, na tulijua maana yake, kwani tumefundishwa tangu utoto kuwa karafuu isilale rundo. Siku ya tatu tukazipandisha darini juu ya jiko, makumbi ya nazi yanawaka chini, zikakauka kwa moshi. Zilipokauka rangi yake ilikuwa si mbaya. Tukazichanganya na nyengine zilizoanikwa vizuri kwa jua, tukasema kidogo haidhuru, tukafunga gunia. Wala hatukukusudia kumdanganya mtu. Tulichoka, na wachumaji walikuwa wanangoja ujira wao.

Basi ni gunia hilo tulilolifungua kumpa mgeni zawadi.

Tunayasema haya wazi kwa sababu Katibu ndiye anayepita kuwaambia wengine waanike vizuri, na si haki aliyekosa awe anahubiri tu. Na tunajua hatuko peke yetu. Tumepita njia kuu wakati wa msimu tukaona karafuu zimetandazwa juu ya lami, gari zinapita pembeni na moshi wake. Tumeingia ghala moja tukakuta magunia ya karafuu yamelala pamoja na ng'onda. Mwenyewe alipoulizwa alisema karafuu ina harufu kali, itaishinda ya papa. Katika chungu cha mchuzi huenda ikaishinda. Katika dumu la yule bwana zote mbili zingekaa pamoja, kila moja na sauti yake.

Tulipoisoma barua ile katika kamati, yule mzee wetu alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Katibu, mwanangu, mtu huyu anatia karafuu zetu katika ulevi. Na wewe unamwomba radhi?"

Tukamjibu: "Tunamwomba radhi kwa moshi, mzee wetu, hatumwombi kwa ramu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na kwa kweli swali lake lina uzito. Zawadi ya kwanza tuliitoa bila ya kujua. Sasa tunajua, na yule bwana ameomba, kwa bei nzuri, apelekewe pakiti nyengine zilizochaguliwa moja moja, yeye na jirani zake wenye kazi hiyo hiyo. Je, inajuzu kumuuzia mtu kitu halali ukijua kuwa atakitia katika kilevi? Vitabu vya fikihi vinalizungumza jambo hilo kwa mfano wa zabibu anazouziwa mtengenezaji mvinyo, na maneno ya wanavyuoni hapo si mepesi. Katibu si mufti. Mwenyekiti amelipeleka suala kwa wenye elimu yao, na mpaka lijibiwe Chama hakitauza hata punje moja kwa kazi hiyo. Wako waliosema kuwa tunajizuia na mlango wa riziki. Na wako waliosema kuwa mfanyabiashara akinunua magunia 100 hatumuulizi anakwenda kuzifanya nini, basi kwa nini tumuulize mwenye pakiti moja? Hoja hiyo nayo tumeiandika katika barua iliyokwenda kwa masheikh, ili wajibu yote kwa pamoja.

Lakini tusidanganyane kwa hesabu. Kilo moja ya karafuu kavu ina punje kiasi ya 10,000, na mara nyingi zaidi. Mwenye kutia punje tatu katika lita atatengeneza lita 3,000 na kitu kwa kilo moja tu. Hata Reunion nzima ikiroweka usiku na mchana haitamaliza mavuno ya shehia moja. Anayekula karafuu kwa wingi duniani ni Indonesia, na huzivuta ndani ya sigara zake za kreteki. Naye hupanda mwenyewe kuliko nchi nyengine yoyote. Bukini nao wanauza nyingi nje, na jimbo lao moja la mashariki linaitwa Analanjirofo, maana yake mahali penye msitu wa mikarafuu. Hatuwezi kushindana na hao kwa wingi. Kwa hivyo wale waliokwisha kuanza kukadiria faida ya ramu tunawaomba wakadirie upya. Kilichotushughulisha sisi katika barua ile si biashara yake, ni kwamba pua ya mtu mmoja, mbali na hapa, ilijua kilichotokea darini kwetu juu ya jiko, ilhali kilipita machoni petu na mikononi mwetu.

Tena isidhaniwe kuwa Reunion yote ni ramu. Wako Waislamu huko, wengi asili yao Gujarat, na msikiti wao wa Noor-e-Islam mjini Saint-Denis ulifunguliwa mwaka 1905. Hao huitia karafuu katika chakula, kama sisi. Na upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Barbados, wanatengeneza sharubati iitwayo falernum, ya ndimu, tangawizi, lozi na karafuu. Aghlabu huchanganywa na ramu, walakin iko isiyo na kilevi hata kidogo. Tuliijaribu namna iliyo karibu na hiyo nyumbani kwetu, na watoto waliimaliza siku ile ile. Chukua nusu kilo ya sukari na nusu lita ya maji, tia karafuu nane nzima, kipande cha tangawizi kilichopondwa na maganda ya ndimu mbili yaliyokatwa membamba. Chemsha dakika kumi, epua, funika mpaka ipoe, chuja, kisha ndipo ukamue zile ndimu. Moto hapa ni lazima, kwa sababu tuliyoyasema: karafuu haitoi mafuta yake katika maji baridi. Vijiko viwili vya sharubati hiyo katika bilauri ya maji vinatosha. Mke wetu anaona karafuu nane ni nyingi, atie sita anayetaka.

Na hiyo sharubati ndiyo iliyotupa njia ya kupima bila ya ramu. Tia karafuu kumi katika kikombe, mimina maji yanayochemka, funika kwa kisahani, hesabu dakika kumi. Funua na unuse mara moja, maana pumzi ya kwanza ndiyo yenye khabari. Moshi utausikia, lami utaisikia, ng'onda utaisikia. Tulipozijaribu zile za gunia letu tulizisikia tangu mlangoni. Kupima mafuta ni rahisi zaidi: itie karafuu katika bilauri ya maji baridi. Yenye mafuta huzama au husimama wima, kichwa juu. Iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Na wazee walikuwa na kipimo chao cha kucha, kukibana kichwa cha karafuu mpaka mafuta yatoke, nacho hakijashindwa na chengine.

Kuhusu kuanika, mengi mnayajua kuliko sisi. Ichambuliwe siku ile ile iliyochumwa, na ianikwe siku hiyo au asubuhi yake. Isilale rundo hata usiku mmoja. Ukumbi ukiwa mdogo itandazwe nyembamba vyumbani, watu walale pembeni. Ianikwe juu ya jamvi safi au sakafu, si juu ya lami. Jua zuri la siku nne au tano linatosha, na kilo tatu mbichi zitabaki kiasi ya moja. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Zitakazokaushwa kwa moto kwa sababu ya mvua, na iko miaka ambayo hapana budi, ziwekwe gunia lake peke yake na zitiwe alama, zisichanganywe. Hapo ndipo tulipokosea sisi: moto ulikuwa wa dharura, kuchanganya hakukuwa.

Pakiti ya pili tumekwisha kuitayarisha, robo kilo, zimechaguliwa moja moja na watoto wa skuli kwa malipo, hakuna konyo wala iliyokatika kichwa. Imo ofisini juu ya kabati, imefungwa na kuandikwa, inangoja jawabu ya masheikh. Ikiwa jawabu ni hapana, itakwenda hivyo hivyo kama zawadi kwa jiko la yule mama, ambaye mumewe ametuandikia kuwa mchuzi wake una karafuu, na tutasema waziwazi kuwa ni ya mchuzi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri, ofisi itakuwa wazi kwa anayetaka kupima karafuu zake. Njooni na ukufi mmoja mmoja katika karatasi, na kila mmoja aandike jina lake ndani, si nje, ili tunuse kwanza ndipo tujue ni za nani. Maji ya moto, vikombe na bilauri vipo. Mzee wetu ameahidi kuja na kucha zake, na gunia letu lile la mwaka juzi, lililobaki nusu, litakuwepo mezani liwe la kwanza kupimwa.